Ukuta Wenye Tumbo

Katika bonde la Yosemite, jimbo la California, kuna kijiji cha mahema ambacho David na Jennie Curry walikianzisha mwaka 1899, ili watu wasio na fedha za hoteli nao wapate pa kulaza mbavu chini ya yale majabali marefu. Leo kinaitwa Curry Village. Kwa miaka mingi hema la pale lilikuwa kitu chepesi: sakafu na fremu ya mbao, turubai moja juu yake, kitanda na blanketi. Baridi ikiingia, iliingia. Na panya akiingia, alionekana, kwa kuwa hapakuwa na pa kujificha.

Oktoba 2008 miamba ilimeguka kutoka jabali la Glacier Point ikaporomokea ukingo wa kijiji, na Hifadhi ya Taifa ya Yosemite ikafunga moja kwa moja vyumba na mahema zaidi ya 200 yaliyokuwa kwenye njia ya mawe. Mwaka uliofuata yakasimamishwa mahema mapya 91 ya daraja la juu. Haya yalikuwa na kuta mbili: turubai kwa nje, ukuta mgumu kwa ndani, na katikati tabaka la sponji ngumu ya kuzuia baridi. Mtu aliyekuwa amechoka kutwa nzima kwa kupanda milima aliingia humo akalala bila kutetemeka.

Katika majira ya joto ya 2012, baadhi ya waliolala katika mahema hayo walianza kuugua wakiwa wamekwisharudi makwao. Ilianza kama mafua ya kawaida: homa, uchovu, mapaja na mgongo kuuma. Siku chache baadaye, kwa wengi wao, pumzi ikawa fupi, na mapafu yakajaa maji. Walithibitishwa wagonjwa 10 wa virusi vinavyobebwa na panya. Tisa kati yao walikuwa wamelala katika yale mahema 91. Watatu walikufa. Tarehe 28 Agosti mahema yote 91 yalifungwa, na wageni wapatao 10,000 waliokuwa wamelala humo tangu Juni wakaanza kutafutwa popote walipo, waambiwe kwamba wakipata homa wakimbilie hospitali na wamtajie daktari mahali walipolala.

Kuta zilipofunguliwa, ndani ya ile sponji walikutwa panya wamejichimbia njia na kujenga viota.

Nimeirudia habari hii mara nyingi, na kila mara najiuliza kosa lilikuwa wapi, maana hakuna aliyekusudia baya. Waliojenga walitaka wageni wao walale joto. Lakini hema la zamani lilikuwa na ukuta mmoja, na ukuta mmoja hauna ndani. Ukiongeza wa pili, umezaa nafasi ya tatu, ambayo si nje wala si chumbani. Humo ni pakavu, pana giza, hapafiki bundi wala paka, na joto la binadamu aliyelala upande wa pili linapenya usiku kucha. Panya hana haja ya zaidi ya hapo. Ukuta wa namna hii una tumbo, na anayeujenga bila kulifunga tumbo hilo kila pembe amewajengea wapangaji wawili kwa gharama moja.

Onyo lilikuwa limetolewa. Mwaka 2000, kisha tena 2010, mgeni aliambukizwa virusi hivyo hivyo huko Tuolumne Meadows, sehemu ya hifadhi hiyo iliyo juu kuliko bonde. Baada ya tukio la 2010 idara ya afya ya California ilipendekeza kwamba ukaguzi wa panya na kazi ya kuwazuia wasiingie viongezwe, hasa katika majengo wanamolala watu. Wakati huo yale mahema 91 yalikuwa yamekwisha kusimama. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Kubandua kipande kimoja cha ukuta na kuchungulia nyuma yake ni kazi ndogo kwa fundi mwenye nyundo na tochi, na ilisubiri mpaka watu wakafa.

Virusi vyenyewe ni vya jamii ya hanta. Vilitambuliwa mwaka 1993, vijana wenye afya njema walipoanza kufa ghafla katika eneo yanakokutana majimbo ya New Mexico, Arizona, Colorado na Utah, wengi wao wakiwa Wanavajo, wenyeji wa asili wa eneo hilo. Anayevibeba ni panya mdogo wa porini mwenye mgongo wa kahawia, tumbo jeupe na macho makubwa. Wanasayansi humwita Peromyscus maniculatus. Yeye mwenyewe haumwi. Huvitoa kwa mkojo, kwa mavi na kwa mate, na vitu hivyo vikikauka vikachanganyika na vumbi, kisha vumbi likatimuliwa, binadamu huvivuta kwa pumzi. Hakuna dawa mahususi ya kuvitibu. Hospitali humsaidia mgonjwa kupumua, na hata hivyo katika kila watu 100 wanaofikia hatua ya mapafu, karibu 38 hufa. Dalili zaweza kuchelewa kuanzia wiki moja hadi nane, ndiyo sababu mgonjwa huwa amesahau usiku aliolala, au asubuhi aliyofagia.

Wazee wa Kinavajo walikuwa na la kuwaambia madaktari. Walieleza kwamba katika miaka ya mvua nyingi misonobari huzaa njugu kupita kiasi, panya huongezeka, na vifo hufuata. Mafundisho yao ya tangu jadi yalitaka panya abaki nje, asiguse chakula, asiguse nguo, na nguo aliyoigusa ichomwe. Na kweli, mlipuko wa 1993 ulikuja baada ya msimu wa mvua na theluji nyingi uliofuata miaka ya ukame. Mpaka kati ya panya na mahali pa kulala ulikuwa unalindwa na bibi na babu muda mrefu kabla maabara haijaupa sababu.

Sasa chukua ukuta ule wa Yosemite uupeleke darini.

Ndugu zetu wengi walioko Minnesota, Ohio, Ontario, au katika miji ya Uingereza, wamepanga nyumba za zamani ambazo chumba cha juu kabisa kimebanwa chini ya paa. Kodi ni kubwa, familia inaongezeka, na chumba hicho hupewa watoto au mgeni aliyetoka nyumbani. Paa hushuka kwa mteremko, na pale linapokuwa chini mno mtu asiweze kusimama, fundi hupiga kikuta kifupi cha jipsamu kinachofika kiunoni. Nyuma ya kikuta hicho hubaki uchochoro wa pembe tatu, wenye giza, unaokwenda urefu wote wa nyumba, umejaa pamba ya kuzuia baridi. Juu ya dari bapa kuna uwazi mwingine. Kati ya bodi ya mteremko na paa lenyewe, mwingine tena. Mtoto analala katikati ya matumbo matatu, na mara nyingi kwenye kikuta kile kuna kilango kidogo cha kuwekea masanduku ya nguo za baridi, kisicho na mpira wala komeo la maana, kinachopitisha hewa ya nyuma ya ukuta moja kwa moja hadi kwenye mto.

Huku kwetu Afrika Mashariki hatuna pamba hiyo, lakini tuna siling bodi. Kati yake na mabati kuna uwazi ambao hakuna mtu aliyeuingia tangu fundi aliposhuka ngazi. Usiku zinasikika mbio juu ya vichwa vyetu. Tunachukua mti wa ufagio, tunagonga dari, kunakuwa kimya, tunalala. Kesho hivyo hivyo. Watoto wanakua wakidhani ni sauti ya kawaida ya nyumba, na doa la kahawia linalotokeza kwenye bodi tunalipaka rangi nyeupe sikukuu ikikaribia.

Virusi vya Yosemite ni vya Amerika Kaskazini, na hata huko panya wa mjini mwenye rangi ya kijivu si yule anayevibeba kwa kawaida. Lakini nani atamulika tumbo la panya gizani amtambue kabila? Huku kwetu panya ni miongoni mwa wabebaji wakuu wa leptospira, bakteria wa ugonjwa ambao Watanzania waliujua kwa jina la homa ya mgunda ulipozuka Ruangwa, mkoani Lindi, Julai 2022, na katika siku zile za mwanzo wagonjwa 20 wakahesabiwa, watatu kati yao wakiwa wamekufa. Tauni nitaieleza punde. Afadhali kila panya atendewe kama mwenye hatari.

Basi ujue kwanza unashindana na nani. Panya mdogo wa nyumbani hupenya tundu la milimita 6, ambao ni unene wa kalamu ya risasi. Hupanda ukuta wa matofali wima. Hutembea juu ya waya wa umeme bila kuyumba. Hubeba mimba siku 20 hivi, huzaa watoto watano au sita au zaidi, na binti yake akiwa na umri wa wiki sita hivi anaweza kuwa naye ana mimba. Meno yake ya mbele hayaachi kukua, kwa hiyo hana budi kutafuna, na ganda la nyaya za umeme zilizolala ndani ya pamba kavu humfaa kama kitu kingine chochote. Nyumba huweza kuungua kwa sababu hiyo.

Kosa la kwanza la wenye nyumba ni kumtafuta panya wa darini huko darini. Mara nyingi aliingilia chini. Alipita pale bomba la maji linapotoboa ukuta wa jikoni, au chini ya mlango wa nyuma uliochakaa, au kwenye ufa kati ya msingi na ukuta wa mbao, kisha akapanda ndani ya ukuta, akifuata mabomba na nyaya, hadi akatokea juu kwenye joto. Hewa ya moto ya nyumba hupanda njia hizo hizo na kutoka nje kupitia nyufa za paa, na mahali panapotoka joto na harufu ya chakula ndipo panya wa nje anapopata habari za nyumba yako. Kwa hiyo ukaguzi uanzie ardhini. Zunguka nyumba nje polepole, ukiwa umeinama, mkononi tochi na kalamu ya risasi. Kila tundu ambalo kalamu inapita ni mlango. Tazama zinapoingilia bomba la gesi, waya wa intaneti, mfereji wa maji ya mashine ya kupoza hewa. Angalia michirizi ya uchafu wenye mafuta kandokando ya tundu. Hiyo ni alama ya manyoya yaliyopita hapo mara nyingi, na hilo ndilo tundu linalotumika sasa.

Kisha panda juu. Ingia darini mchana, zima taa zote, kaa kidogo macho yazoee giza. Popote unapoona mwanga wa jua, tia alama kwa chaki. Usiku geuza kazi: mmoja awe ndani na taa kali, mwingine nje atazame inakovuja. Kwa nyufa ambazo mwanga hauzioneshi, washa udi. Shika kijiti kikiwa kinatoa moshi, mbali na pamba na chochote kinachoshika moto, ukipitishe polepole kandokando ya kile kilango cha kikutani, penye swichi, pale kikuta kinapokutana na sakafu. Moshi ukikatika ghafla au ukavutwa ukutani, pana upenyo. Nyumba nyingi za Waswahili ughaibuni zina udi kabatini. Sidhani kama kuna kifaa cha dukani kinachoshinda hicho kwa kazi hii.

Kwa nyumba za bati, mahali pa kuanzia ni pale bati linapokalia ukuta. Migongo ya bati huacha matundu yenye umbo la nusu mwezi mstari mzima, na mafundi wengi huyafunika kwa fishabodi wakaona yamekwisha. Fishabodi huficha tu. Ukipanda ngazi ukachungulia nyuma yake utayakuta yote wazi, na mengine yana manyoya.

Kuziba kwenyewe kunataka vitu ambavyo jino halishindi. Povu la kupuliza lile linaloumuka na kukauka ni zuri kwa upepo, ila panya hulitafuna usiku mmoja. Likitumika peke yake ni kazi bure. Chukua waya wa kusugulia sufuria, ule mwembamba wa chuma, uushindilie tunduni hadi ukaze, halafu funika kwa silikoni au saruji ili usivutwe nje. Kama ni mahali penye unyevu, tafuta wa chuma kisichoshika kutu, maana wa kawaida huoza. Tundu kubwa lifunikwe kwa kipande cha bati au kwa wavu wa chuma wenye matundu yaliyo chini ya milimita 6, ukapigwa misumari au skrubu pembeni kote. Wavu wa mbu wa plastiki hauna kazi hapa. Chini ya milango weka ukanda wa mpira wenye chuma. Matundu ya nusu mwezi kwenye bati yajazwe mchanganyiko wa saruji na mchanga, au yakatiwe bati la umbo hilo. Matawi ya mti yanayogusa paa yakatwe mpaka yabaki mbali kuliko panya anavyoweza kuruka. Mita mbili si nyingi.

Hapo kuna mahali ambapo bidii yaweza kuua, na naomba pasomwe kwa utulivu. Paa linahitaji kupumua. Matundu ya hewa yaliyowekwa makusudi chini ya ukingo wa paa au kwenye pembe yake ya juu yasizibwe, yawekewe wavu. Ukiyaziba, unyevu utabaki ndani, mbao zitaoza, na ukungu utaota juu ya kitanda cha mtoto. Bomba linalotoa moshi wa jiko la gesi, la tangi la maji ya moto au la tanuri la kupasha nyumba joto usiliguse kabisa kwa kitambaa, povu wala silikoni ya kawaida. Likizibwa, hewa ya sumu isiyo na harufu hurudi ndani na watu hawaamki. Uwazi unaolizunguka bomba hilo ufungwe na fundi anayejua, kwa bati na gundi inayostahimili moto.

Swali linalofuata ni la mpangilio: unaziba kwanza au unaua kwanza? Wengi hukimbilia sumu. Panya hula, hurudi ukutani, hufia humo, na kwa wiki kadhaa chumba kinanuka bila mtu kujua abomoe wapi. Paka wa jirani au bundi anayemla yule aliyelewa sumu naye anakufa. Na zile sumu za mitaani zinazouzwa kwenye vipakiti visivyo na maandishi sitaki hata kuzijadili katika nyumba yenye mtoto anayetambaa. Ziba nje kwanza, nyumba nzima, ukiacha tundu moja tu lile lenye michirizi. Weka mitego ya kubana ndani, ikiwa imeegemea ukuta, upande wenye chambo ukitazama ukutani, kwa kuwa panya hutembea kwa kuambaa. Siagi ya karanga kidogo, kiasi cha punje ya dengu, humfanya ashughulike hapo asinyakue na kukimbia. Mitego iwe mingi kwa siku chache, kuliko mmoja kwa mwezi mzima. Pitisha unga laini sakafuni mbele ya lile tundu la mwisho. Asubuhi ukikuta siku kadhaa mfululizo unga haujakanyagwa na mitego haijanasa, lizibe.

Penye tauni, hata mpangilio huo hautoshi, na hili tuna ushahidi wake nyumbani. Tauni iliibuka wilayani Lushoto mwaka 1980, ikawa inakwenda na kurudi kwa zaidi ya miaka 20. Waliougua walikuwa maelfu, waliokufa mamia, wengi wao wanawake na watoto. Nyumba nyingi za milima ya Usambara zilikuwa na dari ya kuwekea mahindi, juu ya jiko, ili moshi uyalinde na wadudu. Ni akili nzuri ya kuhifadhi chakula. Lakini dari hiyo iliyokuwa ghala la familia ilikuwa pia ghala la panya, na chini yake watu walikuwa wanalala, wengine sakafuni. Mara nyingi tauni haimfikii mtu kwa panya mwenyewe. Huletwa na viroboto wake. Panya akifa, mwili wake ukapoa, viroboto huuhama na kutafuta damu nyingine yenye joto, na aliye karibu ni yule mtoto aliyelala juu ya mkeka. Ndiyo maana mahali penye tauni viroboto hupigwa dawa kwanza, panya baadaye, na panya waliokufa ghafla wengi kwa pamoja huripotiwa zahanati badala ya kuokotwa kwa mkono na kutupwa jalalani. Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro kimekuwa na kituo cha utafiti wa viumbe waharibifu kwa miaka mingi, na kazi yake kubwa imekuwa juu ya panya. Tuna wataalamu wetu, hatuna haja ya kukisia. Mahindi leo yanaweza kukaa kwenye kihenge cha chuma au kwenye mifuko isiyopitisha hewa, mbali na godoro la mtu yeyote.

Nyumba ikishafungwa na mitego ikatulia, hubaki usafi. Hatari ya nyumba nzima hukusanyika katika saa hiyo, kwa sababu silika ya kila mtu msafi ni kushika ufagio. Usifagie. Usipitishe mashine ya kufyonza vumbi. Fungua madirisha, toka nje, subiri nusu saa. Rudi na glavu za mpira na barakoa nzuri inayobana puani. Changanya jiki sehemu moja na maji sehemu tisa, nyunyiza taratibu juu ya mavi na viota mpaka vilowe kabisa, acha dakika tano, kisha futa kwa karatasi na utie kwenye mfuko, mfuko ndani ya mwingine. Jiki usiichanganye na dawa nyingine yoyote ya usafi. Pamba ya kuzuia baridi iliyochimbwa njia na kulowa mkojo haisafishiki. Itolewe, na kama ni nyingi, atafutwe mwenye vifaa vya kazi hiyo. Watoto na mama mjamzito wasikanyage juu siku hiyo.

Banda na gereji navyo vikumbukwe. Februari 2025 Betsy Arakawa, mke wa mwigizaji Gene Hackman, alifariki kwa ugonjwa wa mapafu wa virusi vya hanta nyumbani kwake Santa Fe, New Mexico. Wakaguzi wa afya hawakuona dalili za panya ndani ya nyumba kuu. Walizikuta katika majengo ya pembeni. Mtu hulinda chumba cha kulala kwa miaka, halafu asubuhi moja anakwenda kutafuta ngazi stoo.

Mpangaji anayesoma haya atasema nyumba si yake. Ni kweli, na ndiyo sababu aandike. Apige picha za matundu na mavi, aandike barua au ujumbe wenye tarehe kwa mwenye nyumba, atunze nakala. Katika miji mingi ya Marekani na Uingereza mwenye nyumba anawajibika kisheria kuondoa panya, na idara ya afya ya mji hupokea malalamiko. Huku kwetu sheria za namna hiyo hazina nguvu sana mtaani, lakini mwenye nyumba aliyeoneshwa waya wa umeme uliotafunwa huja mbio kuliko aliyeambiwa kuna kelele darini.

Na kazi hii haifungwi mara moja kwa maisha. Nyumba husogea, mbao husinyaa, saruji hupasuka. Kabla ya majira ya baridi huko ughaibuni, na kabla ya masika na mavuno huku, zungukia tena na kalamu yako. Zaidi ya hayo, chunga mafundi. Anakuja wa dishi, wa intaneti, wa bomba, anatoboa tundu la sentimita mbili kupitisha waya wa nusu sentimita, anakunja ngazi yake, anaomba hela. Panda naye. Tazama tundu lake kwa nje na kwa ndani. Awe na saruji au waya wa chuma na silikoni kwenye mkoba wake, na kama hana, mpe vya kwako, alizibe mbele yako, ndipo umlipe.